Makosa ya Nani? Uhakiki wa Istilahi za Taarifa ya Mikopo

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa katika Sehemu yetu ya Istilahi ili yapitiwe kabla ya kupigwa chapa, mwaka huu kilifika kijitabu kidogo kilichofasiriwa kutoka Kiingereza. Kinamweleza mwananchi jinsi ya kuomba taarifa yake ya mikopo, jinsi ya kuisoma, na jinsi ya kutambua kama imeandikwa mambo yasiyo kweli au kama yuko mtu aliyekopa kwa jina lake. Taasisi iliyokileta hatutaitaja. Ilifanya busara kukileta kabla ya kukichapa, jambo ambalo taasisi nyingi hazifanyi, na si haki kuiadhibu kwa wema wake. Mfasiri naye alijitahidi: upatanisho wa kisarufi umezingatiwa, tahajia ni safi, wala hapana sentensi iliyoachwa. Hata hivyo tulikirudisha, na tunaona inafaa wafasiri na walimu wanaosoma kurasa hizi wajue kwa nini kazi isiyo na dosari ya sarufi ilirudishwa.

Kwanza tuseme machache juu ya kitu chenyewe, maana wako wasomaji wetu ambao majina yao yamo katika vitabu hivyo nao hawajapata kuviona. Nchini Tanzania, kwa mujibu wa kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012, mabenki hupeleka habari za wakopaji wao katika kanzidata moja, na kampuni zenye leseni hutumia habari hizo kutengeneza taarifa ambayo mkopeshaji mwingine huisoma kabla ya kukubali au kukataa ombi. Kenya ilitunga kanuni za namna hiyo mwaka 2008, ikazitunga upya mwaka 2013 na tena mwaka 2020, na huko herufi tatu, CRB, zimekwisha kuwa neno la kila siku. Zamani mambo haya yalikuwa ya wafanyabiashara wakubwa. Tangu ianze mikopo ya simu, M-Shwari huko Kenya mwaka 2012 na M-Pawa hapa Tanzania mwaka 2014, mtu anaweza kuingia vitabuni kwa kukopa fedha ya nauli akiwa kituoni anasubiri basi. Kijitabu chetu basi hakiwasemeshi wahasibu. Kinawasemesha mama lishe, dereva wa bodaboda na mwalimu wa shule ya msingi. Hao ndio tuliowafikiria tulipokuwa tukikisoma.

Desturi yetu ni kumpa maandishi ya namna hii mtu asiyekuwa mwanaistilahi kabla hatujaandika maoni. Safari hii tulimwomba mama anayetuletea chai ofisini asome ukurasa wa kwanza. Ni mtu aliyesoma, naye hukopa na kulipa kwa simu mara nyingi kuliko sisi. Alipofika penye maneno "Angalia makosa katika taarifa yako ya mikopo" alikifunga akaturudishia.

"Mimi sina makosa, wanangu," alisema. "Nimelipa yote."

Twakiri kwamba jibu hilo lilitufundisha zaidi ya kamusi zilizokuwa mezani. Kiingereza kina neno lake kwa jambo lililoandikwa au kuhesabiwa visivyo, na lina neno lake jingine tendo la kuvunja sheria. Kiswahili huyatia yote mawili ndani ya "kosa". Mwalimu huhesabu makosa ya tahajia. Hakimu humsomea mshtakiwa kosa la jinai. Tunayo hata Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wala hapana mtu anayedhani kwamba ilitungwa kwa ajili ya wanaokosea kupiga chapa katika kompyuta. Muktadha ndio unaochagua maana. Sasa tujiulize, muktadha wa deni huchagua ipi? Karatasi yenye jina la mtu, kiasi anachodaiwa na siku alizochelewa kulipa, ikisema kwamba ndani yake mna makosa, itaeleweka kwa namna moja tu: kwamba makosa hayo ni ya mdaiwa. Asiyedaiwa ataona hayamhusu, kama alivyoona mama yetu. Anayedaiwa ataona aibu, ataikunja karatasi na kuitia mfukoni. Kijitabu kiliandikwa kwa ajili ya hao wote wawili, na kimewapoteza wote wawili katika mstari mmoja.

Jambo hilo limezidishwa na kiambishi. Katika sentensi ya kwanza "-ako" imefungamana na taarifa: taarifa yako. Kurasa mbili mbele, kwa ajili ya kufupisha, mfasiri ameandika "makosa yako", na chini yake, "Rekebisha makosa yako mapema." Kumbe aliyeandika visivyo ni benki, au karani wa benki, au mashine iliyolishwa habari mbovu, na wenye wajibu wa kusahihisha ni hao hao. Mwananchi kazi yake ni kuonyesha tu. Mwenye mali ya kosa amebadilishwa kwa silabi mbili.

Mwenzetu mmoja katika Sehemu alitupinga. Alisema kwamba tukianza kuogopa kila neno lenye maana mbili hatutabaki na lugha ya kusemea, na kwamba wananchi wamezoea "makosa ya uchapaji". Hoja yake ni nzito, nasi tunaikubali kwa kiasi fulani: katika kitabu cha shule neno hilo halina madhara. Lakini hapa liko madhara, tena ni ya fedha. Tumependekeza basi kwamba katika maandishi ya mikopo liandikwe "taarifa zisizo sahihi" pale penye nafasi, na "hitilafu" pale panapohitajika neno moja. Tuliifikiria pia "dosari", tukaiacha kwa kuwa huweza kumwangukia mtu na tabia yake. Hitilafu asili yake ni tofauti; na ndilo jambo linalotafutwa, yaani mahali ambapo maandishi yanatofautiana na ukweli, pasipo kumshika mtu yeyote kabla ya uchunguzi.

Jambo la pili halina mjadala mrefu. Kijitabu kinamwambia aliyeona hitilafu "afungue mgogoro" na kampuni. Kwa msikilizaji wa Kiswahili mgogoro ni ule wa ardhi, wa wakulima na wafugaji, wa wanachama na viongozi wao. Ni jambo la kuita polisi na mkuu wa wilaya. Hakuna mwalimu mwenye mkopo wa benki atakayetaka kufungua mgogoro na benki hiyo. Anachotakiwa kufanya ni kuandika barua, kueleza habari iliyo si sahihi, na kuambatisha stakabadhi au barua ya kumaliza deni. Hilo kwa Kiswahili ni "kuomba masahihisho". Ni maneno ambayo kila aliyepita darasani anayajua.

Linalofuata ni zito kuliko yote kwa upande wa fedha, ijapokuwa katika kijitabu limepewa mstari mmoja. Benki ikikata tamaa ya kulipwa mkopo, baada ya muda huuondoa mkopo huo katika hesabu ya mali zake. Hilo ni jambo la uhasibu. Mdaiwa bado anadaiwa. Anaweza kufuatwa, kushtakiwa, au deni lake kukabidhiwa kwa wakusanyaji wa madeni. Katika taarifa ya mikopo hali hiyo ni miongoni mwa zilizo mbaya kabisa, na mkopeshaji mwingine akiiona hurudi nyuma. Mfasiri ameiita "mkopo uliofutwa", na katika jedwali la mwisho, "mkopo uliosamehewa".

Tuwaombe wasomaji wafikiri. Mtu anafungua taarifa yake, anakuta mkopo wa shilingi laki tano ambao hakuuomba kamwe, na mbele yake pameandikwa "umefutwa". Atafanya nini? Atashukuru Mungu na kwenda zake. Tangu Tanzania iliposamehewa sehemu ya madeni yake ya nje mwaka 2001, na redio kututangazia kwamba tumefutiwa madeni, maneno hayo yamekuwa na maana moja masikioni mwetu, nayo ni kwamba mzigo umeshuka. Lile ambalo lingepasa kumshtua ndilo limemliwaza. Baadaye ataomba mkopo wa kujenga, atanyimwa, na hatajua sababu.

Aidha kuna ubaya wa pili unaowahusu wanaistilahi hasa. Kampuni ikikubali kwamba habari si kweli huiondoa, na kijitabu kinasema, kwa haki kabisa, kwamba habari hiyo "itafutwa". Hivyo neno moja limetumika kwa mambo mawili yanayopingana: kufutwa kwa mstari, ambako ni ushindi wa mwananchi, na kufutwa kwa mkopo, ambako ni hasara yake. Tumependekeza "kufuta" libaki kwa mstari peke yake, na mkopo ule uitwe "mkopo ulioondolewa vitabuni", na kila unapotajwa katika maandishi ya watu wote yaongezwe maneno "bado unadaiwa". Ni mrefu, twajua. Afadhali urefu huo.

Kuna maneno mengine matatu tunayoyapita haraka. "Salio" katika simu ni fedha uliyo nayo. Katika taarifa ya mikopo ni fedha unayodaiwa. Iandikwe "deni lililobaki". "Akaunti" kwa Mswahili ni mahali unapoweka fedha, na mtu akisoma kwamba ana akaunti tatu asizozijua huenda akafurahi; iandikwe "mkopo". Na "malimbikizo", ambalo mfasiri amelitumia kwa marejesho yaliyopita siku yake! Watumishi wa serikali na walimu wanaosoma kurasa hizi hawana haja ya kuelezwa. Malimbikizo ni yale ya mishahara, ambayo mtu anadai na hajalipwa. Ukimwandikia mwalimu kwamba ana malimbikizo ya shilingi laki mbili, ataomba namba ya dirisha la kwenda kuyachukua. Tumeandika "marejesho yaliyochelewa".

Tunakuja sasa kwenye neno lililotuchukua siku nyingi, na ambalo mpaka tunaandika hatujaafikiana kabisa. Ni lile la mtu kutumia jina, namba na habari za mwingine ili akope. Kijitabu kina tafsiri mbili zake zinazopishana bila mpango: "wizi wa kitambulisho" na "wizi wa utambulisho".

La kwanza tunalikataa bila kusita. Kitambulisho ni kadi. Anayesoma kwamba ajihadhari na wizi wa kitambulisho atapapasa mfuko, ataikuta kadi yake imo, naye atalala usingizi. Lakini anayekopa kwa jina la mtu hahitaji kadi hiyo. Nakala yake iliyoachwa kwenye mashine ya kutolea nakala inamtosha, au namba iliyoandikwa katika daftari la mapokezi ya ofisi. La pili ni afadhali kidogo, na magazeti yamekwisha kulizoea. Ila utambulisho kwa watu wengi ni tendo la kumjulisha mtu kwa wengine: barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, utambulisho wa wageni mwanzoni mwa mkutano, na siku ambayo upande wa kijana huenda kujitambulisha kwa wakwe. Hatuoni ni nani atakayeiba mambo hayo, wala kwa faida gani.

Tatizo kubwa zaidi limo katika "wizi". Katika lugha yetu kilichoibwa hakipo tena kwa mwenyewe. Kuku ameibwa, banda tupu. Baiskeli imeibwa, mwenyewe anatembea kwa miguu. Kutokuwapo kwa kitu ndiko kunakomjulisha mtu kwamba ameibiwa. Katika jambo tunalolizungumza hakuna kinachopungua. Mfano mkubwa unaojulikana ni wa Marekani mwaka 2017, ambapo habari za watu wapatao milioni 147 zilichukuliwa kutoka kampuni ya Equifax, mojawapo ya zile tatu kubwa zinazotunza taarifa za mikopo katika nchi hiyo. Uvamizi ulikuwa umeanza mwezi Mei, ulitangazwa Septemba. Kwa miezi yote hiyo watu hao walikuwa na majina yao, namba zao na tarehe zao za kuzaliwa kama kawaida, na hapana aliyekuta banda tupu. Mwenye kuibiwa namna hii hujua kwa kuona kilichoongezeka: mkopo asioujua, anwani asiyopata kuishi, barua ya kudaiwa. Neno linalomwambia atazame kilichopungua linampeleka upande usio wake.

Tumetaja Marekani, na hatuna budi kueleza kwa nini, maana nusu ya matatizo ya kijitabu yametoka huko. Dhana zenyewe zilikulia huko. Sheria ya shirikisho inayodai taarifa za mikopo zitolewe kwa haki ni ya mwaka 1970. Ya mwaka 2003 ikampa kila mtu haki ya kupata taarifa yake bure mara moja kwa mwaka kutoka kila moja ya kampuni hizo tatu. Na kutumia habari za utambuzi za mtu mwingine kulifanywa kosa la shirikisho mwaka 1998. Kampuni ikipokea ombi la masahihisho, kwa kawaida inapasa ichunguze katika siku 30. Wako Waswahili wengi wanaoishi huko, wengine waliotoka Kongo na Burundi kwa njia ya ukimbizi, na kwao kijitabu hiki kingefaa neno kwa neno, baada ya kusahihishwa. Lakini kililetwa kwetu kwa ajili ya msomaji wa hapa, na mfasiri hakujiuliza ni kipi kati ya vitu anavyovifasiri kipo hapa.

Ndiyo maana tumekuta mwananchi wa Tanzania akionywa asimpe mtu "namba ya usalama wa jamii". Kwanza, tafsiri iliyozoeleka ni hifadhi ya jamii, na "usalama" kwa masikio ya hapa humfanya mtu ashushe sauti. Pili, si namba hiyo inayomfungulia mwizi mlango katika nchi yetu. Huku mlango ni laini ya simu. Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa Januari 2020. Asiyekuwa mwaminifu humwambia mteja, mara nyingi mtu mzima au mgeni mjini, kwamba kidole hakijasoma, aweke tena. Kumbe cha pili kimesajili laini ya pili. Laini hiyo ikikopa, anayeandikwa ni mwenye kidole. Kinga ya kwanza ni kupiga *106# na kutazama ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako. Kijitabu hakilisemi jambo hilo hata kidogo, kwa kuwa halikuwamo katika Kiingereza chake.

Turudi kwenye neno. Yalitajwa mbele yetu "ujifanyaji", "wizi wa nafsi", "ulaghai wa utambulisho" na "wizi wa jina". La kwanza linafuata kitenzi kizuri, kwani kujifanya mtu mwingine ndilo tendo ambalo sheria ya mwaka 2015 inalikataza linapofanywa kwa mfumo wa kompyuta. Ila umbo lenyewe halipiti kooni. Nafsi tuwaachie wanafalsafa na viongozi wa dini. "Ulaghai" linavutia, lakini anayelaghaiwa kwa hakika ni mkopeshaji, na mwenye jina hana habari. "Wizi wa jina" ni fupi, na liko karibu na usemi wa watu. Tukasikiliza basi watu wenyewe husemaje yanapowafika. Hawatumii nomino. Husema, "Kuna mtu amekopa kwa jina langu."

Maoni yetu, na wako wasiokubaliana nayo, ni kwamba katika orodha za istilahi na katika maandishi ya wanasheria "wizi wa utambulisho" liachwe lilivyo, kwa kuwa limeshika na kuling'oa ni kazi bure. Lakini katika maandishi ya watu wote lisitumike, na mahali pake iandikwe sentensi kamili: mtu mwingine amekopa kwa jina lako. Sisi wanaistilahi tuna ugonjwa wa kudhani kwamba kila dhana lazima ipate nomino yake, tukahesabu nomino hizo mwishoni mwa mwaka kama mkulima ahesabuvyo magunia. Sentensi hii ina mtendaji, ina tendo, na ina aliyetendewa. Nomino ile ilivificha vyote vitatu.

Kijitabu kinamwelekeza msomaji aanzie kwenye mikopo. Tumeshauri aanzie kwenye jina, na hapo tunasema kama watu wa lugha. Majina yetu yana tahajia nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhamed, Asha na Aisha, Saidi na Said, ukoo huwekwa mwisho na karani mmoja, mwanzo na mwingine, mwanamke huandikwa kwa jina la baba katika cheti cha shule na la mume katika bima. Herufi moja yaweza kumgawa mtu mmoja kuwa wawili, au kuwaunganisha majirani wawili wa jina moja na kumtwisha mmoja madeni ya mwenzake. Huyo wa pili hajaibiwa na mtu. Ni hitilafu tu, nayo huonekana kama wizi mpaka tahajia itazamwe. Baada ya jina itazamwe namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo tarakimu zake nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo hata asiyeikariri yote aweza kugundua kwamba si yake. Kisha anwani na namba za simu. Kisha ndipo mikopo.

Mwishoni mwa taarifa huwapo orodha ya waliotaka kuisoma. Ni sehemu ndogo na aghalabu hurukwa, ingawa mara nyingi ndiyo ya kwanza kuonyesha kwamba mtu anakopa kwa jina lako, maana mkopeshaji huuliza kabla ya kutoa. Ukiona jina la mkopeshaji usiyepata kwenda kwake wala kumpigia simu, usingoje mkopo wenyewe utokee. Mfasiri ameita sehemu hii "maswali", akayagawa kuwa "maswali magumu" na "maswali laini", kama mtihani wa darasa la saba. Mgawanyo huo ni wa Marekani: kuna kuulizwa kwa ajili ya kutoa mkopo, ambako wakopeshaji wengine hukuhesabu, na kuna kuulizwa kwa sababu nyingine, kama vile mwenyewe kuitazama taarifa yake. Sisi tumeandika "waulizaji". Huko huko ametufasiria jambo la kufunga taarifa isisomwe na wakopeshaji wapya, huduma ambayo Marekani imekuwa bure tangu 2018, akaiita "kugandisha mkopo". Tumelifuta lote, kwa maana ya kwanza ya kufuta.

Wenzetu wa Kenya wanalo tatizo jingine linalotupasa kulitaja kabla halijavuka mpaka. Huko "kuandikwa CRB" kumekuwa na maana ya kutiwa doa, ilhali vitabuni wamo pia wanaolipa vizuri, tena hao kuwamo kwao ni faida. Vijana wanaotafuta kazi hutakiwa kupeleka cheti cha kampuni hizo pamoja na vyeti vingine, na jambo hilo limezidisha hofu. Hofu hiyo humzuia mtu kuomba taarifa yake, ijapokuwa kanuni za huko zinampa haki ya kuipata bure mara moja kila mwaka, na tangu 2020 deni lisilofika shilingi 1,000 halipaswi kumwandikisha vibaya. Tunadhani "kuandikwa" liachwe liwe la kila mkopaji, na aliyeshindwa kulipa aelezwe hivyo waziwazi.

Kijitabu kimerudi kwetu mara ya pili, kikiwa na masahihisho mengi tuliyoyaomba. "Hitilafu" imeingia, na *106# imeingia. Mfasiri amekataa "mkopo ulioondolewa vitabuni" kwa hoja kwamba wahasibu wa taasisi yake hawautambui, naye ameomba ushauri zaidi. Wasomaji walio katika mabenki watatusaidia wakituandikia neno ambalo wao hulitumia wanaposema na wateja dirishani, na wa Zanzibar na Mombasa wakituletea la kwao. Mama wa chai alipopewa nakala mpya aliisoma hadi sehemu ya waulizaji, akauliza taarifa yenyewe huombwa wapi. Tulipotazama tukakuta kwamba mahali pa kuandika anwani mfasiri alikuwa ameacha nafasi tupu.